Mikono Miwili ya Kushoto

Kiwandani walimwita Mifuko, na aliyempa jina hilo hakukosea. Kwa miaka kumi na moja mwanamke huyo alikaa mstari wa nne, mashine ya saba kutoka dirishani, akishona mifuko ya nyuma ya suruali. Si suruali, mifuko. Vipande vya nyuma vilimfikia vikiwa vimeshaunganishwa na mtu mwingine, yeye anabandika mfuko wa kulia, anabandika wa kushoto, anasukuma mbele, anavuta vingine. Kulikuwa na wa zipu, na wa mapindo ya chini, na upande wa pili wa ukumbi, kwenye mashati, kulikuwa na shoga yake aliyeitwa Kola, na huna haja ya kuuliza kwa nini.

Siku kiwanda kilipofungwa, ilikuwa Jumatatu asubuhi, waliambiwa getini. Wenye mali wamehamisha mashine kwenda kwingine. Mifuko akaruhusiwa kuingia dakika tano, akatoka na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake, kandambili, na kile kimto alichokuwa akikalia. Akafika nyumbani saa tatu, saa ambayo hajawahi kuwa nyumbani siku ya kazi tangu aolewe.

Aliishi na mumewe, fundi wa kupaka nyumba rangi, pamoja na mama mkwe wake, mpishi wa shule aliyestaafu. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, na kama kuna jambo alilojivunia mtaani, basi ni mkwe wake.

"Mkwe wangu ni fundi," alikuwa akiwaambia wenzake kwenye foleni ya maji. "Tena si fundi wa kuungaunga. Nguo anazoshona yeye hupanda meli."

Mwaka wa kwanza wa ndoa Mifuko alijaribu kusema ukweli. "Mama, mimi nashona mifuko tu." Mama mkwe akacheka, akawageukia majirani: "Mnaona anavyojishusha?" Basi Mifuko akanyamaza. Ukweli ukishanyamaziwa mwaka mmoja, wa pili unakuwa mgumu kuusema, na kufikia wa tano hujui hata uanzie wapi.

Sasa, wiki mbili baada ya kiwanda kufungwa, mama mkwe alimwita chumbani kwake, akafungua kabati na kutoa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Kilikuwa kijani kilichokolea, laini, upande mmoja unameremeta na wa pili umefifia. Ukikivuta kinanyooka, ukikiachia kinarudi.

"Wifi yako anamaliza uuguzi," alisema. "Sherehe yao chuoni ni wiki tatu zijazo. Gauni lake utashona wewe. Ametaka mikono mipana chini, inayomwagika hivi." Akaonyesha kwa mikono yake mwenyewe, akiitikisa kama anafukuza kuku. "Nilikuwa nakuonea huruma kukusumbua ukitoka kazini umechoka. Sasa nafasi unayo."

Mifuko akakipokea kitambaa. Alitaka kusema. Mdomo ukafunguka, kikatoka, "Sawa, mama."

Sebuleni kulikuwa na cherehani ya miguu, urithi wa dada yake mama mkwe, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imepandishwa cheo kuwa meza ya redio. Siku iliyofuata, mama mkwe alipotoka, Mifuko aliondoa redio, akaondoa kitambaa cha meza, akatia mafuta, akapitisha uzi. Akachukua shuka bovu la kujaribia. Akaketi.

Akakanyaga. Gurudumu likazunguka kinyumenyume, uzi ukakatika. Akapitisha tena, akakanyaga tena. Safari hii lilienda mbele mara tatu, likasita, likarudi nyuma, uzi ukajiviringa chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Kiwandani ulikuwa ukigusa tu pedali na mota inafanya mengine. Hapa miguu ndiyo mota, na miguu yake haikujua kazi hiyo. Na kila alipofika mwisho wa mshono, goti lake la kulia lilikwenda pembeni lenyewe, likagonga mbao. Kiwandani pale gotini palikuwa na chuma cha kusukuma, ukikisukuma kiguu kinachobana kitambaa kinanyanyuka na mikono yako haiachi kazi. Goti lilikuwa likitafuta chuma chake. Lilikitafuta mara kumi na tano asubuhi ile, na jioni mumewe alipoliona limevimba, alisema, "Umeanguka?"

"Nimejigonga."

"Kwenye nini?"

"Kwenye cherehani."

Mumewe akamtazama kidogo, kisha akaenda kuosha brashi zake. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini si mjinga.

*

Mwisho wa mtaa kulikuwa na duka la fundi mzee aliyeitwa Fundi Kimya. Jina hilo walimpa wanamtaa kwa utani, maana mzee yule alikuwa anaongea kuanzia anafungua mlango mpaka anaufunga, na asipopata mtu wa kuongea naye anaongea na kitambaa. Mifuko alikuwa akipita hapo kila siku kwenda kazini bila kuingia. Sasa alisimama mlangoni, kitambaa kimefichwa chini ya mkoba.

"Shikamoo, mzee. Naomba kununua sindano."

"Marahaba, karibu. Namba ngapi?"

Kiwandani sindano ikivunjika uliinua mkono, anakuja fundi mitambo, anaweka nyingine, anaondoka. "Za… za kushonea."

Fundi Kimya akavua miwani. "Za kushonea," alirudia, kwa upole kabisa. "Hilo nalo ni zuri, maana ninazo na za kuvulia samaki." Akavuta kigoda. "Kaa, binti yangu. Wewe si yule wa kiwandani, fundi wa nguo za meli?"

Kile kigoda ndicho kilichomponza. Angekuwa amesimama, angeondoka. Alipokaa, machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akasema yote: mifuko, miaka kumi na moja, mama mkwe, wifi, wiki tatu, goti. Kitu cha ajabu, mzee hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, akamwambia, "Leta hicho kitambaa nikione."

Akakivuta upande, akakivuta urefu, akakiachia. "Unaona kinavyorudi? Hiki kimefumwa kwa vitanzi kama sweta, si kwa nyuzi zilizonyooka. Ukikishona kwa sindano ya kawaida itakuwa inaruka mishono. Kinataka sindano yenye ncha butu kidogo, isiyotoboa nyuzi, inayopenya katikati yake. Na ukikishona mshono ulionyooka peke yake, wifi yako akinyanyua mkono kupokea cheti, mshono unakatika papo hapo mbele ya wageni. Njoo."

Chumba chake kilikuwa kidogo na kina mashine tano, kila moja mahali pake kama wazee barazani. Akaanza na ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono, iliyokuwa juu ya meza.

"Hii watu wanaidharau. Lakini ukifika mahali pagumu, kona ya begi, pazia zito, unaipeleka tundu kwa tundu, inakutii. Kasoro yake moja: mkono wa kulia unazungusha, kwa hiyo unabaki na mmoja wa kuongoza kitambaa. Hii ya miguu, mikono yote miwili ni yako, na umeme ukikatika mimi sijui hata kama umekatika. Suruali, shati, sare, pazia, yote humu. Ile pale ya umeme inashona zigizaga: tundu za vifungo, lastiki, viraka. Na hii," akaigonga kichwani mashine fupi yenye nyuzi nne zinazoshuka kutoka juu, "hii ni ovaloki. Ina kisu pembeni. Inakata ukingo na kuufunga hapohapo, na mshono wake unavutika pamoja na kitambaa. Gauni la wifi yako, hapa ndipo litakapookoka."

"Na ile?" Mifuko aliuliza. Pembeni kabisa kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka.

"Ile achana nayo. Mwanangu aliniletea, ya kiwandani, akidhani ananifurahisha. Niliikanyaga mara moja tu." Akainua kidole cha shahada. Ukucha ulikuwa na kovu katikati. "Ilinishona kama kifungo. Ina mwaka na nusu sasa iko chini ya shuka, tunaheshimiana."

Mifuko alishaondoa shuka kabla mzee hajamaliza. Chini yake kulikuwa na ileile. Rangi ileile ya kijivu, taa ileile ndogo. Alikaa bila kuombwa, na bila yeye kufikiri goti lake likaenda kulia, likakuta chuma. Kiguu kikanyanyuka.

Akaokota sakafuni vipande viwili vya dengrizi, kile kitambaa cha jinzi, akawasha, mota ikaunguruma. Akakunja kingo kwa vidole bila kupima, akabandika mfuko, akaanza. Mashine ilitoa sauti moja ndefu, ikakata kona, ikashuka, ikakata kona, ikapanda. Mshono wa pili pembeni ya ule wa kwanza, umbali uleule mwanzo hadi mwisho. Akakata uzi, akampa mzee.

Fundi Kimya akakitazama kile kitu mbele, akakigeuza nyuma. Akanyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba jirani yake wa duka la viatu alichungulia kuuliza kama kuna usalama.

"Binti yangu," mzee alisema hatimaye, "mimi nina miaka arobaini kwenye kazi hii, na mfuko kama huu sijawahi kuushona. Nilikuwa nadhani inashonwa na mtambo peke yake."

"Anakaa mtu, mzee."

"Naona." Akavaa miwani. "Basi tufanye hivi. Wewe unifundishe huyu mnyama. Mimi nikufundishe nguo nzima inaanzia wapi."

*

Walianza siku hiyohiyo. Asubuhi mzee alimfundisha kupima: kifua, kiuno, bega hadi bega. Alimfundisha kuchora kwenye karatasi, kukata karatasi kabla ya kukata kitambaa, kukunja kitambaa mara mbili ili vipande vya kulia na kushoto vitoke kwa pamoja. Mchana ilikuwa zamu yake yeye kuwa mwalimu. Fundi Kimya aliiogopa ile mashine mpaka akawa anaiombea dua kabla ya kukanyaga. "Usikanyage kwa unyayo mzima, mzee. Vidole tu. Kama unakanyaga yai." Mzee akakanyaga yai, mashine ikaenda polepole, akacheka kama mtoto.

Miguu yake Mifuko nayo ikaanza kushika adabu. Siku ya nne cherehani ya miguu iliacha kurudi nyuma. Siku ya saba alishona sketi nzima kutoka kwenye shuka bovu, ina zipu na mkanda, akaivaa juu ya gauni lake na kuzunguka nayo dukani.

Nyumbani hakusema kitu. Mama mkwe akimuuliza gauni limefika wapi, anajibu, "Naandaa," na haukuwa uongo.

Tatizo ni kwamba kichwa kilianza kuvimba. Yule mtu aliyelia kwenye kigoda alikuwa amesahaulika. Siku ya kumi na moja mzee alikwenda hospitali kupimwa macho, duka likafungwa, na Mifuko akajiuliza: kwani asubiri nini? Pateni ya karatasi ipo, kitambaa kipo, mkasi upo. Akatandaza kitambaa juu ya sakafu safi ya sebule.

Akakata mbele. Vizuri kabisa. Akakata nyuma. Vizuri. Ikabaki mikono, na hapo akaona kitambaa kilichosalia hakitoshi kukunjwa mara mbili, maana ile mipana inayomwagika inakula kitambaa. Hakufadhaika. Akakitandaza kikiwa tabaka moja, uso juu, akaweka karatasi ya mkono, akachora kwa chaki, akakata. Akanyanyua karatasi, akaiweka tena pembeni vilevile, akachora, akakata wa pili. Kikabaki kipande kisichotosha hata kitambaa cha mkononi.

Akaichukua mikono miwili, akaisimamisha kwenye makwapa ya gauni. Wa kwanza ulikaa. Wa pili haukukaa. Akaugeuza, ukakaa, lakini upande unaometameta ukawa umeingia ndani. Akaugeuza tena. Ukakataa tena.

Alikaa chini sakafuni kabla akili yake haijaelewa vizuri. Mkono una mbele na nyuma. Karatasi ilitakiwa ipinduliwe. Alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto.

Katika miaka kumi na moja hakuwahi kukosea kulia na kushoto, kwa sababu kulia na kushoto vilikuwa vinaletwa na mtu mwingine, kila kimoja kwenye kisanduku chake.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akaingia na kikapu, amechangamka, anaimba. "Aa! Umeshakata!" Kisha akaona uso wa mkwe wake, akaweka kikapu chini taratibu. "Nini?"

Maji yalikuwa yamefika shingoni, na safari hii Mifuko hakutafuta pa kupenyea.

"Mama, nimekiharibu."

Akamweleza. Akaanza na mikono ya kushoto, halafu akaona hiyo haieleweki bila ya Fundi Kimya, na Fundi Kimya haeleweki bila ya mifuko, akarudi mpaka mwaka wa kwanza wa ndoa. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini. Hakuwa na sauti kubwa sasa.

"Miaka kumi na moja," alisema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Mifuko tu?"

"Mifuko ya nyuma tu. Ya mbele alikuwa mwingine."

"Mingapi kwa siku?"

"Mia sita. Siku nzuri mia saba."

Mama mkwe akahesabu midomo ikichezacheza, akashindwa, akaacha. "Sasa hivi tunavyoongea," alisema, "huko duniani kuna watu wangapi wametia mikono kwenye mifuko yako?"

Mifuko hakuwa amewahi kulifikiria hilo.

"Mimi nimepika maharage ya watoto wa shule miaka ishirini na sita," mama mkwe aliendelea. "Chakula kingine sikijui vizuri, mwanangu huyo mumeo anaweza kukuambia. Watu wakinisifu mpishi, nilikuwa naitikia tu." Akainuka, akaokota mkono mmoja wa kijani, akautazama. "Ulisema mwaka ule. Nakumbuka ulisema. Mimi ndiye sikusikia, nilikuwa nawasikiliza wenzangu wanavyoona wivu. Lakini kitambaa hiki nilikinunua mwanangu alipoingia chuoni, nikakaa nacho miaka mitatu, na umekiharibu, na nimekasirika. Usiniambie nisikasirike."

"Sikwambii, mama."

"Nitakasirika mpaka kesho. Leo usinisemeshe."

Na kweli hakumsemesha. Alipika, akapakua, akamsogezea Mifuko sahani bila kumtazama. Mumewe alikula akiwatazama wote wawili kwa zamu, kisha akaiona mikono ya kijani kwenye kiti, akaelewa kiasi chake. Alipokuwa akisaidia kutoa vyombo, akamnong'oneza mkewe, "Mimi niliwahi kupaka nyumba ya watu rangi ya jirani. Nzima. Wakarudi safari wakaipita."

Mifuko akacheka bila kutaka, akajifuta machozi na kiganja.

*

Asubuhi wifi mtu alikuja, maana ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa msichana mwembamba mwenye kucha fupi na mwendo wa haraka, na alipoambiwa, alikaa kitako sakafuni palepale kwenye vipande akaanza kuvipanga kama anayepanga vifaa vya chumba cha upasuaji.

"Wifi, pole," alisema. "Pole sana. Umelia?"

"Nimelia."

"Mama amekasirika?"

"Nimekasirika mpaka leo," mama alijibu kutoka jikoni. "Sasa hivi naendelea kumalizia."

"Mimi hiyo mikono mirefu niliiona kwenye picha tu," wifi alisema. "Wodini hatuvai kitu chini ya kiwiko. Nimeshazoea mikono wazi. Kama ingewezekana mifupi…"

Mifuko alikuwa amesimama nyuma yake, akivitazama vile vipande kutoka juu. Kiwandani mifuko haikuwa ikikatwa kwenye kitambaa kizima. Ilikuwa inakatwa kwenye vile vijisehemu vinavyobaki katikati ya mguu na mguu wa suruali, na mkataji mkuu, mama mmoja mkali, aliwahi kumwonyesha namna anavyoviona: unatazama nafasi tupu, si kipande. Mifuko akatazama. Mkono wa kushoto ule wa ziada ulikuwa mpana chini, mpana kama sketi ya mtoto. Hapo chini, kwenye upana ule, karatasi ikifupishwa na kupinduliwa…

"Nyanyuka, wifi," alisema. "Usikanyage hapo."

Akaikunja pateni mpaka juu ya kiwiko. Akaipindua. Akaiweka kwenye sehemu pana, akaisogeza kidogo, akaisogeza tena. Iliingia. Ilibaki nafasi ya upana wa kidole kila upande. Mama mkwe alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi.

"Usikate," alisema.

"Sikati, mama. Naenda kwa mzee kwanza."

Wakaenda wote watatu. Fundi Kimya alikuwa amerudi na dawa ya macho, anaona mambo yote yana ukungu, lakini alipitisha vidole juu ya karatasi na kitambaa, akanung'unika, akapima kwa shubiri. "Nani ameliona hili?"

"Yeye," alisema wifi.

"Mimi nisingeliona. Ningewaambia mkanunue kingine." Akampa Mifuko mkasi wake mwenyewe, ule mweusi ambao hakuruhusu mtu kuugusa. "Kata."

Mkono ule uliokuwa sahihi nao ukafupishwa ulingane na mwenzake. Mifuko akaweka sindano ya ncha butu, akajaribu kwenye kipande kwanza, akaunganisha mabega, akatia mikono, akapeleka mbavu kwenye ovaloki. Kisu kikawa kinakata, nyuzi nne zinafunga, vumbi la kijani linaanguka chini. Mama mkwe alikuwa amekalia kigoda, haongei, na Fundi Kimya aliongea kwa niaba ya wote. Pindo la chini Mifuko alilishona kwa mashine ya zigizaga, polepole, amejiuma ulimi.

Wifi akaingia nyuma ya pazia, akatoka. Akanyanyua mkono wa kulia juu kabisa, kama anayepokea cheti. Akanyanyua wa kushoto. Akanyanyua yote miwili. Hakuna kilichokatika. Kwenye bega la kulia palikuwa na mkunjo mdogo, mdogo sana, ambao Mifuko aliuona na kuutolea ufafanuzi kabla hajaulizwa.

"Uache," alisema wifi, akijitazama kwenye kioo cha mlangoni. "Mama, njoo uone."

Mama mkwe akaja, akamzunguka mara mbili. Akalivuta pindo. Akamvuta na mkwe wake, akamkumbatia kwa nguvu mpaka akakosa pumzi, na kwa Mifuko hiyo ilimtosha kujua kwamba hasira imefika tamati.

*

Siku ya sherehe mama mkwe aliwaambia watu habari mpya, kwa sauti ileile. "Mkwe wangu alikuwa anashona mifuko tu. Miaka kumi na moja, mifuko tu! Gauni hilo mnaloliona ni la kwanza maishani mwake." Watu waliona kwamba sifa hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya meli.

Mifuko alibaki kwa Fundi Kimya. Mwezi uliofuata shule iliyo karibu ikaleta kazi ya sare, mashati na kaptula, mzigo ambao mzee peke yake asingeuthubutu. Alikata mzee, kwa macho yaliyoanza kupata nafuu, na Mifuko akashona kwenye ile ya kiwandani. Kaptula zilikwenda. Kwenye mashati akakwama: mwili wa shati aliuweza, lakini kola zake zilikuwa zinasimama kama masikio ya punda.

Basi akatuma salamu. Siku ya tatu mlangoni akasimama shoga yake wa upande wa pili wa ukumbi, amekonda, amebeba kimto chake cha kukalia kwapani.

"Nasikia mnatafuta mtu," alisema Kola. "Lakini nikwambie kabisa, mimi najua kola tu."

"Najua," Mifuko akamjibu. "Kaa."

Shati la kwanza walilolimaliza pamoja halikuwa la shule. Lilikuwa la majaribio, kubwa, la bluu, na mumewe Mifuko ndiye aliyelingana nalo. Aliambiwa aliweke, alivae siku ya maana. Kesho yake alilivaa kazini, amefunga vifungo mpaka shingoni, kwa sababu alitaka mafundi wenzake walione. Jioni akapita dukani kuwachukua, anatabasamu, na tone la rangi nyeupe limekaa katikati ya kola.

Kola akashika kichwa. "Shemeji! Mahali pote, shemeji, umechagua hapo?"

Mumewe akaanza kujitetea kwamba dari ndiyo iliyodondosha. Fundi Kimya akaanza hadithi ndefu ya mteja wake mmoja na kopo la lami. Mifuko akamfungua mumewe vifungo palepale mlangoni, akamvua shati, akaenda nalo uani kutafuta sabuni kabla rangi haijakauka.